Koko wa Vifungo

Kiswahili chake kilikuwa na maneno kama arobaini hivi, na yote aliyaokota kwenye kaunta. Mita. Uzi. Kata. Kaza. Legeza. Iko. Hapana iko. Kesho. Pole. Rangi alizitaja kwa kuonyesha kidole, na zipu aliiita fermeti, kwa sababu wateja wake wengi tulitoka Kongo na ndivyo tulivyomfundisha. Na mtoto, kwake, alikuwa mutoto, kama tunavyosema Bukavu. Ukiongeza Kiingereza cha kuungaunga na ile eish ya mshangao ya mitaa ya hapa, alikuwa na lugha ya kumtosha kuendesha duka zima la vifungo, nyuzi, pini na lastiki kwenye barabara kubwa ya Kensington, upande huu wa mashariki wa Johannesburg.

Sisi washonaji tulimwita Koko wa Vifungo. Koko kwetu ni nyanya, mama aliyewazaa wazazi. Jina lake mwenyewe sikuwahi kulijua, wala mwaka aliozaliwa, wala kijiji chake. Najua tu kwamba ni kaskazini mwa China, mahali penye baridi na mashamba ya pamba, na kwamba alifika huku akiwa tayari mzee, amemfuata mwanawe wa kiume aliyefungua duka. Mimi nilimkuta mwaka 2015, nilipohamisha cherehani yangu kutoka katikati ya jiji na kupewa kona ya dirishani dukani mwao. Nilishona kwenye kona ile miaka minne. Alinitazama nikifanya kazi, nami nilimtazama akifanya kazi. Nikisema nilimjua, ni kwa njia hiyo.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikiona kwake ni mikono. Mwili ulikuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini mikono ilikuwa ya mtu mwingine, mipana, yenye nguvu, na vidole havikutetemeka hata siku moja. Ukinunua kitambaa alikufungia kwa kamba mara tatu tu, na fundo lake halikufunguka njiani hata ukining'iniza mzigo kwenye teksi. Siku moja nilijiunguza kiganja kwa pasi. Kabla sijapiga kelele alikuwa ameshachukua kitambaa cheupe, amenikalisha, ameanza kuzungusha. Alizungusha kwa mshazari, akavusha juu ya kidole gumba, akarudi chini, kila mzunguko umekalia nusu ya uliotangulia. Kesho yake nesi wa kliniki aliniuliza nilifungiwa hospitali gani. Niliporudi dukani nikamwambia Koko, nikicheka, kwamba nesi amemsifu. Niliinua mkono nimwonyeshe. Akageuza uso. Siku nzima hakunisemesha, na mwanawe aliponitazama kama anayeuliza nimemkosea nini mama yake, nilirudi kwenye cherehani.

Kitu cha pili ni namna alivyotembea. Alikanyaga kwa visigino, magoti yamekakamaa, kama mtu anayevuka kokoto bila viatu. Viatu vyake vilikuwa vya shule, vyeusi, vya mtoto wa darasa la nne, na ndani alisokota pamba. Hakukaa chini. Mwanawe alimnunulia kiti kizuri cha kuegemea, yeye akakiwekea maboksi ya lastiki.

Halafu kulikuwa na ile tabia yake iliyowakasirisha wateja. Wanawake wa hapa hubeba watoto mgongoni kwa blanketi, wakalibana kwa pini kubwa. Sisi hubeba kwa kitenge. Koko hakupenda hili wala lile. Mama akiingia na mtoto mgongoni, Koko aliacha alichokuwa anafanya, akazunguka kaunta kwa ule mwendo wake, akaingiza mkono chini ya nguo na kutafuta miguu ya mtoto. Akiikuta imebanwa, aliifungua pale pale bila kuomba ruhusa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Diepsloot, mwenye spaza, kiduka chake cha nyumbani, aliyekuja kila mwezi kununua pini za kwenda kuuza. Siku moja alikuja na mjukuu mgongoni.

"Mama," alimwambia Koko kwa Kiingereza, "unaniuzia pini, kisha unazifungua?"

"Miguu," Koko akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa kwake weusi wote tulikuwa watu wa lugha moja. "Miguu hapana funga."

Nikamtafsiria yule mama.

"Mwambie kuna baridi," akaniambia.

Nikamwambia Koko kuna baridi.

"Baridi sawa," Koko akasema. "Funga hapana."

Yule mama alicheka, akaondoka na pini zake. Wengine hawakucheka. Wapo waliohama duka kwa ajili hiyo.

Lakini usije ukadhani alikuwa mtetezi wa watoto wa kike. Nilipojifungua mvulana alikuja nyumbani kwangu na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, kama wanavyofanya kwao, amevaa koti lake zuri, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Jirani yangu mshonaji alipojifungua msichana wa tatu, Koko alimshika mkono akamwambia, "Pole." Nilimkemea. Nilimwambia kwamba mtu hapewi pole kwa kupata mtoto. Alinisikiliza. Kesho yake alimpelekea yule jirani viatu vya mtoto, vyekundu, vikubwa kupita mguu wa mtoto kwa nambari tatu nzima. Akasimama mlangoni mpaka vikavalishwa, akaingiza kidole kisiginoni kuhakikisha kwamba mna nafasi, ndipo akaondoka.

Mtu aliyempenda kuliko wote ni Lin, mjukuu wake. Lin alizaliwa hapa hapa. Mama yake alirudi China yeye akiwa mdogo, akalelewa na Koko nyuma ya kaunta. Mimi nilimkuta akiwa na miaka kumi na tano, mrefu, mwepesi wa maneno, anamjibu baba yake kwa Kiingereza hata akisemeshwa Kichina. Na Koko alimpenda kwa ukali. Alimchana nywele kama anayepalilia. Alimpokonya simu. Alimwambia asicheke kwa sauti mbele ya wateja wanaume. Lakini Lin akichelewa kutoka shule, Koko alisimama mlangoni akitazama upande wa robot, zile taa za barabarani, na hakukuwa na mteja wa kumwondoa pale.

Habari za miguu yake nilizipata kupitia Lin. Ilikuwa Jumamosi ya mvua ya mawe, duka halina mtu. Lin alikuwa na kazi ya shule. Mwalimu aliwataka wamhoji mzee wa nyumbani. Aliuliza kwa Kichina, akaandika kwa Kiingereza, na alipoona nimeacha kushona ili nisikilize, akawa ananitafsiria.

Koko alivua kiatu na soksi, akaweka mguu juu ya boksi. Kidole gumba kilikuwa mahali pake. Vile vinne vingine vilikuwa vimekunjiwa chini ya wayo, vimebapa kama mbegu za boga, na juu ya mguu mfupa ulikuwa umeinuka na kufanya nundu. Lin alikuwa ameuona mguu ule tangu utotoni. Mimi nilikuwa sijauona. Nilishika meza.

Alifungwa akiwa na miaka sita. Mama yake alimkalisha kwenye kigoda, akamloweka miguu kwenye maji ya moto, akavikunja vile vidole, akazungusha kitambaa. Kila asubuhi kilifunguliwa na kufungwa tena, kimekazwa kuliko jana yake. Wasichana wote wa kijiji walifungwa hivyo, na mama zao kabla yao, na nyanya zao.

"Mama yako alikuwa mkatili?" Lin aliuliza.

Koko alikasirika. Alisema mama yake alikuwa analia huku anafunga. Msichana mwenye miguu mikubwa hakupata nyumba nzuri ya kuolewa, na aliyekosa nyumba nzuri alikula mabaki ya watu maisha yake yote. Mama yake hakuwa na shamba la kumrithisha binti. Alikuwa na kitambaa.

Baada ya miaka miwili wakaja wanawake wawili kutoka mjini, wenye nywele fupi, na askari nyuma yao. Serikali ilikuwa imepiga marufuku zamani, ila amri ilichelewa kufika kule. Wakamkuta Koko uani. Wakamfungua vitambaa mbele ya majirani wote, na damu iliporudi vidoleni maumivu yakawa kama yale ya siku ya kwanza.

"Ulifurahi?" Lin aliuliza.

"Hapana," alijibu. Alilia arudishiwe vitambaa vyake. Alikuwa amevumilia miaka miwili, amebakiza kidogo apate miguu ya kuolewa, na sasa alikuwa na miguu isiyokuwa midogo wala mikubwa, ambayo hakuna mama mkwe angeitaka.

Halafu dunia ikageuka. Vita vilipita, ikaja serikali mpya, wanawake wakaitwa watoke nje. Koko alikata nywele, akaenda kufanya kazi kiwanda cha nguo, akasimama mbele ya mashine kutwa nzima kwa miguu ile ile. Alifika mpaka kuwa mkubwa wa kitengo. Kwenye mikutano aliinua mkono kupiga kura pamoja na wanaume. Alipofika hapo alituinulia ule mkono tuuone, na nikaona alivyokuwa kijana. Na mama yake je? Mama yake, mwenye miguu ya kutoshea kiganjani, alipelekwa shambani kama wengine. Hakuweza kusimama kwenye udongo uliolimwa, akapalilia pamba kwa magoti. Watoto waliokuwa wakipita walimcheka. Walimwita mabaki ya zamani. Kile alichoumizwa ili apendwe kilikuwa sasa ni kichekesho.

Lin aliandika haraka haraka, macho yanang'aa. Mwishoni akauliza, "Ulikuwa na ndugu?"

Koko alikuwa anavaa soksi. Hakujibu kwa Kichina. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, kama anavyomwambia mteja aliyetaka kifungo kilichokwisha, "Hapana iko."

Lin akaandika kwamba nyanya yake alikuwa mtoto wa pekee. Alisoma kazi ile mbele ya darasa, na mwalimu akaibandika ukutani.

Miaka miwili baadaye Lin alipata nafasi ya chuo kikuu Cape Town, kusomea uhandisi, na alikuwa amepata ufadhili. Baba yake akakataa. Hakuwa mtu mbaya. Hata mimi alinitendea haki siku zote. Alisema duka linamhitaji, na kwamba kuna rafiki yake mwenye maghala mjini aliye na kijana wa kiume, na familia zimekwisha kuzungumza. Walibishana dukani, kwa Kichina, mbele yangu. Lin alipoona baba hasogei alimgeukia nyanya yake. Koko alikuwa anapanga vifungo kwenye trei. Alisema maneno machache bila kuinua kichwa. Lin akabadilika rangi.

Alikuja akasimama kando ya cherehani yangu. "Unajua amesema nini? Amesema, msikilize baba yako. Yeye. Mwenye miguu ile."

Lin alipotoka nikaenda kaunta. Nilikuwa na hasira.

"Koko, Lin ana akili. Mwache aende."

"Akili iko," akasema.

"Sasa kwa nini?"

"Baba sema."

"Na wewe unasema nini?"

Aliendelea kupanga vifungo. "Mimi hapana. Baba sema."

Lin aliondoka hata hivyo, mwezi wa kwanza, kwa basi, bila baraka ya mtu. Koko hakwenda kumuaga. Alishinda dukani siku nzima akipanga upya trei zilizokwisha kupangwa. Lin hakumpigia simu kwa miezi mingi. Alipopiga aliongea na baba yake, maneno mawili matatu. Na Koko akaanza kuniuliza mimi kila asubuhi, "Lin, lini?" Nilicheka mara ya kwanza kwa jinsi yale maneno yalivyofanana. Mara ya kumi sikucheka tena. Nilimwambia, mwezi wa saba, chuo kikifunga. Mwezi wa saba ulifika na Lin hakuja.

Nilikuwa na kazi ya mapazia ya kanisa letu. Nilihitaji kitambaa cheupe cha pamba kikatwe mkanda mwembamba, wa upana wa vidole viwili, kwa ajili ya pindo.

"Koko, naomba mita tatu."

Akapima, akakata. Kwa kawaida mkanda aliuzungusha kwenye kipande cha kadibodi. Siku ile aliuzungusha kiganjani, kwa nguvu, akiulainisha kwa kidole gumba kila mzunguko, mpaka ukawa donge gumu kama yai. Alipofika mwisho akalitazama lile donge. Kisha akayaondoa maboksi kwenye kile kiti, akakaa. Kwa miaka yote sikuwahi kumwona amekaa.

"Fundi," akaniita. "Mita tatu."

"Ndiyo, Koko. Zinatosha."

"Mguu moja, mita tatu. Mguu moja, mita tatu."

Nilidhani anasema miguu yake. "Najua, Koko. Lin alinieleza. Pole sana."

"Hapana mimi." Akainua kiganja juu ya sakafu, akapima kimo cha mtoto wa miaka mitano, sita. "Mdogo."

"Mdogo wako?"

"Iko," akasema. "Mdogo iko."

Nilisogeza kigoda changu. Mwanawe alikuwa ameenda mjini kuchukua bidhaa, na mlangoni hapakuwa na mtu. Alinieleza yote kwa maneno yale yale ya kuuzia nyuzi, kwa sababu aliyeweza kutafsiri hakuwapo. Na kama Lin angekuwapo, sijui kama angemwambia mtu yeyote.

Baada ya wale wanawake wa mjini kumfungua yeye, mama yake aliamua kwamba walau mmoja lazima aokolewe. Yule mdogo akafichwa ndani. Lakini mama alikuwa na ugonjwa wa viungo. "Mama mkono mbaya," Koko alisema, akanikunjia vidole. "Mama sema, wewe funga. Mimi funga. Kesho, mimi funga. Kesho, funga. Kesho, funga." Hakuwa na neno la asubuhi wala la kila siku. Alikuwa na kesho tu.

"Mdogo lia," akasema. "Mdogo sema, legeza. Mama sema, kaza. Mimi kaza."

"Ulikuwa mtoto, Koko. Mama alikuamrisha."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyekosea kipimo.

"Mama kwenda," akasema polepole, ili nielewe. "Mama hapana iko. Mimi kaza."

"Kwa nini?"

Alionyesha viatu vyake vya shule. "Mbaya." Kisha akafanya kiganja kama bakuli dogo, kama amebeba kitu ndani yake. "Mdogo, mzuri." Halafu akatafuta neno. Wivu hauuzwi kwa mita, hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijipiga kifua kwa ngumi mara mbili, akaacha mkono pale.

Akanyanyuka, akaenda kwenye ukuta wa nyuzi, ambako rangi zote zimepangwa. Akaonyesha mguu, akagusa uzi mwekundu. Akatembea hatua mbili kwa visigino, akagusa wa zambarau. Akatembea tena mpaka mwisho wa rafu, akagusa mweusi. Akasimama pale amenipa mgongo.

"Mdogo hapana iko," akasema.

Nilimwacha mpaka akarudi kukaa. Nikamwuliza, kwa sababu sikujua niulize nini kingine, "Aliitwa nani?"

"Mdogo. Mama ita Mdogo. Baba ita Mdogo."

"Jina lake?"

Midomo yake ilicheza. Nilimwona akitafuta, kwa lugha yake mwenyewe, muda mrefu. "Hapana iko," akasema, na hapo ndipo alipolia. Miaka zaidi ya sabini alikuwa anamlilia mtu ambaye hakumbuki jina lake, au ambaye hakuwahi kupewa jina, kwa sababu wa kumpa jina angekuwa mume.

Alipomaliza akajifuta uso kwa ule mkanda, akaweka kidole mdomoni. "Lin, hapana sema."

Nikaahidi. Mkanda sikuuchukua, nilishona pindo la mapazia kwa kitambaa kingine. Kesho yake aliniuzia uzi kama kawaida, akanisahihisha nilipochagua rangi isiyolingana.

Lin alikuja kujua, lakini baada ya mazishi ya Koko. Nilimwambia ndani ya gari tukitoka makaburini, baba yake yuko kwenye gari lingine. Nilivunja ahadi, na sijutii, kwa sababu niliona msichana yule anazika mtu mwingine kabisa: mwanamke aliyekombolewa halafu akamsaliti mjukuu wake. Alinisikiliza akitazama dirishani. Aliniuliza swali moja tu, lile lile nililouliza mimi: huyo mdogo aliitwa nani.

Mara yangu ya mwisho kuwa na Koko ilikuwa siku tano kabla ya hapo, mwaka 2019, katikati ya baridi. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya duka na kuvunjika nyonga. Hospitali walimweka wiki mbili, kisha wakamrudisha nyumbani, na kwa jinsi walivyomrudisha sote tulielewa. Lin alikuwa amefika kutoka Cape Town. Nilikwenda Jumapili mchana, baada ya ibada. Jua lilikuwa limejaa chumbani, na Koko alikuwa mdogo sana ndani ya kitanda kile.

"Kuna neno anarudia," Lin aliniambia mlangoni. "Si Kichina. Nimeona nikusubiri wewe. Legeza. Ni nini?"

Nikamwambia maana yake. Sikumwambia zaidi, wakati ule bado nilikuwa nashika ahadi. Lin alienda akachomoa blanketi lililokuwa limesukumiwa chini ya godoro, akachomoa shuka pande zote, akafungua kifungo cha shingoni cha gauni la kulalia. "Hivyo, Nainai? Hivyo?" akauliza, akimwita nyanya kwa Kichina. Koko alimtazama kwa upendo mwingi, akaendelea kusema legeza. Lin akanitazama. Nikatazama chini. Akaenda jikoni kupika uji.

Tulipobaki wawili, Koko alinyoosha mkono akanishika mkono wa gauni langu.

"Fundi. Wewe mdogo iko?"

Ningeweza kusema sina. Watu wote wa Johannesburg niliwaambia sina.

"Iko," nikasema.

"Mdogo lia?"

Miaka yote ile hakuniuliza jambo lolote la nyumbani kwetu, na sasa aliuliza hili, kana kwamba alikuwa analijua tangu siku nilipoingiza cherehani yangu dukani mwake. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tano alipotakiwa na mfanyabiashara wa mji wa Walungu mwenye umri wa baba yetu. Ng'ombe waliletwa, na sehemu ya ng'ombe wale iliuzwa ikawa nauli yangu ya kuja kusini. Gauni la arusi nililishona mimi. Alikuwa hana kifua bado, nikamwekea sponji ili aonekane mwanamke mbele ya wageni. Alilia nikimpima. Nilikuwa na pini mdomoni, nikamwambia kupitia meno, nyamaza, zitakuchoma.

"Alilia," nikamwambia Koko.

"Sasa iko?"

"Iko."

"Simu iko?"

Nambari yake nilikuwa nayo. Niliihamisha kutoka simu moja hadi nyingine miaka sita, na sikuwahi kuipiga.

"Iko, Koko."

"Piga."

"Nitapiga nikifika nyumbani."

"Piga," akasema, na mkono ule, ambao haukuwa umepoteza nguvu zake, ukakaza nguo yangu mpaka mshono wa bega ukalia.

Nikapiga. Kulikuwa na kimya, halafu mlio mmoja, halafu sauti ya mashine ya mwanamke, kwa Kifaransa, ikasema nambari hiyo haipo. Ikasema tena. Koko alikuwa ananitazama mdomo. Hakusikia kilichokuwa sikioni mwangu.

"Mdogo wangu," nikasema kwenye simu. "Ni mimi, dada yako. Niko Johannesburg." Mashine ikakata. Niliendelea kushika simu sikioni. "Nilikuona ukilia. Nilikuona, na nikashona. Nisamehe." Nilisema na mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Niliyasema polepole, yote kwa Kiswahili, na nikaona kwamba Koko anayapata maneno mawili matatu, mdogo, lia, na kwamba uso wake unanifuata.

Nilipokwisha akaniuliza, "Mdogo sema nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba hana hasira, lakini neno hilo hakulijua. Nikatafuta lile analolijua.

"Anasema sawa," nikamwambia.

"Sawa?"

"Sawa, Koko."

"Sawa," akasema, na vidole vyake vikaachia nguo yangu kimoja kimoja. Akafumba macho. Mimi nilibaki na simu sikioni, haina mtu upande wa pili, nikiogopa kuishusha, mpaka Lin aliporudi na bakuli la uji akaniuliza kwa ishara naongea na nani.